Mawe ya Mwezini kwenye Njia ya Kamina

Marafiki zangu, mmeniuliza mara nyingi safari yangu ya Kasai ilikwendaje, na kila mara nimetazama chini nikajibu, "Bien tu," yaani vizuri tu. Mnanijua. Watu wawili wakinitazama kwa pamoja, maneno yananikimbia. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Naandika polepole, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la sita, lakini karatasi hainitazami usoni.

Sitaeleza jinsi tulivyopata nafasi kwenye treni. Kila mtu wa Kolwezi aliona nafasi zilivyokuwa zinapatikana. Nitaanza pale gare, kituo cha treni.

Kolwezi, mbele ya gare

Mnakumbuka mwaka ule. Kampuni ilikuwa inaanguka. Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine, mishahara haikuja, na watu wakatafuta wa kulaumiwa. Wakawapata Bakasai, watu wenye asili ya Kasai. Watu waliozaliwa hapa hapa, ambao babu zao walikuja kufanya kazi kwenye reli na machimbo, wakaambiwa warudi kwao. Wakalala mbele ya kituo cha treni chini ya maturubai, wakingojea treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini.

Shemeji yangu Kabeya alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwalimu wa darasa la sita, mwembamba, mwenye miwani na sauti ndogo ambayo hata hivyo ilifika benchi ya mwisho. Mke wake ni dada yangu mkubwa, ndiyo maana namwita Yaya Ngoie. Yeye ni Muluba wa Katanga kama mimi, angeweza kubaki, na mama alimwomba abaki.

"Mi sikuolewa na nyumba, mama," Yaya alisema. "Nilioleka na mutu. Kama anaenda, tunaenda shiye bote na mutoto."

Mtoto ni Mwadi, binti yao, ambaye wakati ule alikuwa bado anabebwa mgongoni akichoka. Mama hakubishana tena. Aliniita nyuma ya jiko.

"Banza, enda nabo. Nataka babakie pamoja, bote batatu. Fika Mwene-Ditu, kule Kasai, ona nyumba yenye batalala, njo urudie uniambie."

"Ndiyo, mama."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, kuona kwamba hawatengani. Nguvu za kubeba mizigo nilikuwa nazo, na kazi hiyo haikuhitaji kusema sana. Nilifikiri nitaiweza.

Pale gare mvua ilitunyeshea mchana na maji yakapita chini ya mikeka. Watoto walikuwa wanaharisha. Mwadi alilia kila siku akitaka kurudi kwa kuku wake. Asubuhi moja, jua lilikuwa limeshatoka lakini mwezi ulikuwa bado unaonekana, mweupe, juu ya ule mlima wa udongo uliotolewa machimboni. Kabeya akamwonyesha.

"Mwadi, unaona ule? Batu balifika kule."

Mwadi akanyamaza. "Kufanya nini?"

"Kuokota mawe."

Mama Ntumba, mwanamke mzee ambaye tuligawana naye turubai, alicheka hadi akakohoa. "Kumbe nabo ni bachimbaji! Kutoka mbali vile ju ya mawe? Bangekuja hapa Kolwezi, mawe ni bule!"

Kabeya hakuchukia. Alikaa vizuri kama aliyeingia darasani. Alisema wanaanga wale hawakuokota ovyo. Nguo zao zilikuwa nene mno hata hawakuweza kuinama, kwa hiyo walitumia koleo ndefu. Kabla ya kugusa jiwe waliweka kijiti pembeni yake, wakalipiga picha, ili watu wa duniani wajue lilikuwa limelalaje na kivuli chake kilielekea wapi. Ndipo wakalitia katika mfuko mdogo wenye namba yake. Baadhi ya mawe yako hadi leo yamefungiwa, watu wanayasoma.

"Na mwenye inchi?" Mama Ntumba aliuliza. "Kwetu hauchimbe kama haujaona mwenye inchi, umupe hata kuku. Bo baliomba nani?"

"Hakuna mutu kule, mama."

"Hakuna mutu mwenye unaona," alisema Mama Ntumba.

Mwadi alitaka kufanya vile vile. Kabeya akampa vijiti viwili viwe koleo, na kopo la dagaa likawa mashine ya picha. Mwadi alirukaruka kama wanaanga, kwa sababu baba yake alimwambia kule mwili ni mwepesi na kutembea ni kama kuruka. Akachagua jiwe, akaweka kijiti, akapiga picha kwa kopo, akalitia katika kifuko cha plastiki kilichokuwa cha chumvi. Kabeya akachukua kalamu akaandika juu yake: Kolwezi. Siku hiyo hakulia tena.

Tenke

Treni ilipokuja ilikuwa ya mabehewa ya mizigo. Tuliingia kama viazi. Nilimwinua Mama Ntumba kwa kumshika chini ya makwapa, akanitukana na kunishukuru kwa pumzi moja. Wengine walipanda juu ya paa na vitanda vyao.

Tulifika Tenke, njia ya reli inapogawanyika, na hapo wakachukua lokomotivu yetu wakaondoka nayo. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Tukabaki juani, behewa likawa la moto kama sufuria. Watu wa mahali pale walipita wakitutazama. Wengine walileta mihogo kuuza, wengine walileta watoto wao waone. Yaya alisonga bukari kwenye mawe matatu kando ya reli, na hatukuwa na mboga, tukala na maji yenye chumvi.

Mwadi akaokota jiwe la Tenke. Watoto wengine walianza kumfuata, na Kabeya akawa na darasa tena, mgongo wake ukiwa kwenye gurudumu. Aliwaambia vumbi la mwezini ni laini kama unga, linashika kila kitu, na wanaanga waliporudi ndani ya chombo chao na kuvua kofia walisikia harufu kama ya baruti.

Mwanaume mmoja aliyekuwa amelala akafungua macho. Nilimjua, alikuwa analipua miamba kwenye shimo kubwa la kampuni.

"Baruti? Nani alilipua kule?"

"Hakuna. Ni harufu tu."

"Ile harufu mi naijua," alisema. "Unafua nguo, inabakia." Akafunga macho tena.

Kabeya akaendelea. Kabla ya kuondoka, wanaanga waliacha chombo ardhini cha kusikiliza ikitetemeka. Wenyewe walirudi, lakini chombo kilibaki peke yake na kwa miaka kadhaa kiliendelea kupeleka habari duniani.

"Mi nimeacha bwana yangu mu makaburi ya Kolwezi," alisema Mama Ntumba. "Yeye njo atasikiliza."

Hakuna aliyecheka. Nadhani yeye mwenyewe alitaka tucheke.

Lubudi hadi Bukama

Lokomotivu ilirudi siku ambayo tulikuwa tumeacha kuingojea. Tukapita Lubudi, ambako Mwadi alipata jiwe jeupe lenye vumbi la sementi. Baada ya hapo treni ilisimama porini, mahali pasipo hata kibao. Mtoto mchanga wa behewa la nyuma yetu alikuwa amekufa. Wanaume walichimba kwa sufuria na kipande cha bati, na mimi nilichimba nao. Mashine ilipiga honi tukiwa bado hatujasawazisha udongo. Mama wa mtoto alipandishwa na watu, miguu yake ikiburuzwa.

Mwadi, ambaye hakuelewa, alikuja na jiwe lake. Kabeya akashika kalamu, akatazama huku na huku akitafuta jina la mahali. Mwisho akaandika: njiani.

Bukama tuliona mto Lualaba, mpana na wa rangi ya chai. Pale wanauza samaki waliokaushwa kwa moshi, lakini wauzaji walikuwa wamekataa kuwauzia Bakasai. Yaya akaniambia niende mimi, niseme Kiluba, lugha ya watu wa pale. Nikaenda. Mwanamke mmoja mnene akaniuliza mimi ni mtoto wa nani na baba yangu ametoka wapi. Nikajibu nikitazama samaki. Alinifungia fungu kubwa, akaongeza mmoja juu.

Nilikuwa nimeshafika behewani nikasikia anapiga kelele nyuma yangu. "We kijana! We! Simama!" Nikajua ameona nimekwenda kwa nani, na anakuja kunyang'anya. Nilimpa Yaya samaki nikasimama mbele yake. Yule mama alifika akihema, akatutazama mmoja mmoja, akamtazama Mwadi, akatazama miwani ya Kabeya.

"Ile samaki ni ngumu," alisema mwishowe. "Muitie mu maji kwanza. Batoto batavunjika meno."

Akageuka akaenda zake.

Tulikula vizuri siku hiyo. Lakini Mwadi alitapika alichokula, na alipoguswa alikuwa wa moto.

Kupanda kwenda Kamina

Kutoka mtoni reli inapanda. Treni ilipunguza mwendo, ikasimama, ikarudi nyuma kidogo, wanawake wakapiga yowe. Dereva akaja kando ya mabehewa na fundi wake. "Mashine haiwezi! Mutupe bitu! Kama hamutupe, tunalala hapa bote!"

Vilianza kushuka vyarahani, milango ya nyumba ambayo watu walikuwa wameing'oa na kuibeba, mabati, makabati. Kando ya reli palikuwa kama soko lisilo na wauzaji. Kabeya alikuwa na sanduku la vitabu vyake vya shule. Alilifungua, akalifunga, akalisukuma nje kwa mguu. Kisha akamgeukia Mwadi, ambaye alikuwa amelala mapajani kwa Yaya midomo imekauka.

"Nabo bale ba ku mwezi balitupa bitu. Mashine yao ya kupanda ilikuwa na kipimo. Balifungua mulango, balitupa mifuko ya mugongo, balitupa biatu bya inje."

"Ju ya nini?"

"Ju babebe mawe."

"Kutupa biatu ubebe mawe!" alisema Mama Ntumba, ambaye alikuwa ametoka kutupa godoro lake. "Ile ni akili gani?"

Yaya alinyoosha mkono kwenye vifuko vya mawe. Vilikuwa vizito kuliko vinavyoonekana. Mwadi akaanza kulia, kilio chembamba kisicho na nguvu, na Kabeya akazuia mkono wa mke wake.

"Acha. Ni kintu moja tu yenye anayo."

Vifuko vikabaki.

Kamina

Kamina treni hubadilisha lokomotivu, na wakati wa kubadilisha vijana wa chama kilichotaka Bakasai waondoke walikuwa wanapekua mabehewa. Walikuwa wamejifunga vitambaa vyekundu kichwani. Mkubwa wao alivaa koti la suti ambalo mikono yake ilimfunika vidole. Walitushusha wote.

Kijana mmoja alimwaga mfuko wa Kabeya. Vifuko vikaanguka.

Akamwita mkubwa wao, "Chef! Iko na mawe!"

Ninyi ni watu wa Kolwezi, sina haja ya kuwaeleza. Kila mmoja wetu ameona watu wa kampuni wakipita porini, wakiokota mawe, wakiyatia katika vifuko na kuandika juu mahali walipoyatoa. Baadaye mahali hapo huwekwa vigingi, na wenye mashamba huondolewa. Kabeya aliandika vile kwa sababu ndivyo wanaanga walivyofanya, na sisi sote tuliokaa naye safari nzima hatukuona jinsi vinavyofanana.

Mwenye koti alisoma kwa shida. "Tenke. Lubudi. Bukama." Akainua uso. "We ni prospecteur. Unapima inchi yetu ukaiuzishe kwenu."

"Ni mawe ya mutoto, chef," Kabeya alisema. "Ni muchezo."

"Mutoto anaandikaka majina ya bagare?"

Mwadi aliinua kichwa mgongoni kwa mama yake. Homa ilikuwa imemng'arisha macho. "Ni mawe ya mwezi," alisema. "Tunafanya sawa bale ba ku mwezi."

Vijana wakacheka sana. "Hata ku mwezi Bakasai balisha kufika! Babafukuze na kule!" Hata mwenye koti alicheka, na mimi nikaanza kupumua, nikafikiri kicheko kitatupitisha.

Lakini Kabeya alikuwa mwalimu. Akiona watu wamemzunguka na wanasikiliza, alifundisha, hakujua namna nyingine. Aliokota kifuko kimoja, akakiinua, akaanza kueleza kijiti, picha, kivuli na namba. Kisha akauliza kama anavyouliza darasani: "Nani kati yenu alifika la sita? Lazima mwalimu alibafundisha."

Kicheko kikakatika. Mwenye koti alimpiga kwa rungu usoni. Wengine wakaongeza. Nilisikia miwani ikivunjika.

Yaya alilia kwa Kiluba. Hapo wakaacha, wakamgeukia.

"We ni mutu wa kwetu? Unafanya nini na hii bilulu?" Hivyo ndivyo walivyowaita, wadudu. "Bakia hapa na mutoto. Yeye aende."

"Ni bwana yangu. Naenda naye."

"Enda basi, ni kichwa yako. Lakini mutoto hapandi. Mutoto ni damu yetu."

Kabeya alikuwa amepiga magoti, damu ikimwingia machoni. "Ni mutoto yangu," alisema.

Mzee mmoja wa reli aliyekuwa ameshika taa yake, ambaye hakuwa wa upande wowote, akasema, "Kama manseba yuko, yeye aseme."

Mnajua kwetu manseba ni kaka ya mama, na neno lake juu ya mtoto wa dada yake halirukwi. Vijana wale walijua pia, hayo walilelewa nayo kabla ya kujifunga vitambaa. Mwenye koti akauliza manseba ni nani. Yaya akanitazama. Wote wakanitazama.

Nilikuwa nimetumwa kuona hawatengani. Lokomotivu mpya ilikuwa imeshafungwa na ilikuwa inapiga honi. Nikisema mtoto aende, vijana watakataa, watatubakiza wote pale chini, na Kabeya hawatamwacha hai. Na hata wakikubali, Mwadi alikuwa hajashika kitu tumboni tangu mtoni, na njia ya kupitia Kaniama hadi Mwene-Ditu ilikuwa bado ndefu. Nilimtazama Yaya anisaidie, lakini alikuwa anamshikilia mume wake asianguke.

"Sema!"

"Mutoto anarudia na mi," nilisema.

"Sikusikia."

Ikabidi niseme tena, kwa nguvu, ili Yaya asikie mara ya pili.

Hakupiga kelele. Alimshusha Mwadi mgongoni, akafungua kitenge chake, akanigeuza, akamweka mtoto mgongoni kwangu akafunga fundo kifuani, akalikaza hadi likaniuma. "Maji yenye ilichemuka tu," alisema. "Baridi hapana."

Kabeya hakuona tena. Alipapasa hewani hadi mkono wake ukapata kichwa cha Mwadi, akakaa nacho, kisha ukaja usoni kwangu.

"Ni Banza?"

"Ni mi, shemeki."

"Leo umesema sauti kubwa," alisema.

Mama Ntumba na yule mlipuaji walimvuta ndani. Yaya akapanda nyuma yake. Treni ilipoondoka, vijana walikuwa wameshamwaga mawe ya Mwadi kati ya reli, juu ya kokoto nyingine, na sikuweza kujua lipi ni lipi.

Kurudi

Tulirudi kwa treni ya mabehewa matupu yaliyokuwa yanakwenda kuchukua wengine. Homa ya Mwadi ilishuka yenyewe. Njia nzima aliniuliza swali moja tu.

"Bale ba ku mwezi balirudia bote?"

"Benye balitembea kule, balirudia bote," nilisema, kwa sababu Kabeya alikuwa amenifundisha hivyo, na ni kweli.

Mama alituona tukiingia uani. Aliangalia nyuma yangu, barabarani, muda mrefu. "Bako pamoja?"

"Bawili."

Alifungua fundo la kitenge, ilikuwa kazi, alitumia meno. Hakuniuliza kitu kingine, wala hajaniuliza hadi leo. Kutoka Mwene-Ditu hatujapata habari. Watu wanaotoka upande ule wanasema wengi wanalala makanisani na kwenye viwanja vya shule, na hawawezi kukumbuka sura zote.

Vijana bado wanapita katika mitaa wakiuliza watoto majina ya baba zao. Kwa hiyo mama amekuwa akimfundisha Mwadi cha kujibu, mchana, mlango ukiwa umefungwa. Juzi kijana mmoja alisimama kwetu akamwinamia.

"Mutoto muzuri. Tata yako ni nani?"

Mwadi alikuwa anachagua maharagwe. Akaninyooshea kidole. "Ni ule."

Kijana hakuondoka. Alinitazama, akamtazama mtoto, akanitazama tena. Mwadi akaona hivyo. Akaweka ungo chini, akageuka kwangu, akaita bila kusitasita, kama mtoto anayetaka maji:

"Tata!"

Nikaitika.